Medali Kwenye Platini

Enzi zetu pale kijijini Keza pikipiki tulizijua kwa mlio, na kwa kuwa zilikuwa mbili tu, haikuwa kazi kubwa. Ya bwana shamba ilinguruma kwa heshima. Ya baba ilipiga tuku, tuku, tuku, ndiyo maana tukaiita Tukutuku. Tukiisikia inapanda mlima tuliacha kombolela hapohapo tukakimbia kufungua lango, maana breki zake zilikuwa za kubahatisha.

Baba alikuwa katekista. Tukutuku aliiacha padre mzee wa Kizungu aliyerudi kwao, nayo ilikuwa mali ya parokia. Baba aliazimwa tu. Alikuwa na vigango vitano vya kuhudumia, na mguu wa kushoto aliouvunja akiezeka kanisa. Bila pikipiki, vigango vitatu asingevifikia, na katekista asiyefika atamfundisha nani?

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi Warundi. Wenzangu mnakumbuka turubai za bluu zilivyofunika vilima vya kambi ya Lukole, malori yaliyotujaza vumbi hadi kope, ule unga wa njano wa msaada, na makopo ya mafuta ambayo mama zetu waliyageuza vipimo vya maharage. Lugha haikutusumbua, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao havipishani sana. Asubuhi tulilalamika kwamba wamemaliza kuni, jioni tukaenda kununua sabuni kwao. Mbuzi akipotea, Warundi. Mvua ikichelewa, Warundi.

Basi kiangazi kimoja Tukutuku ikaanza kuugua. Baba akipiga kiki inamrudishia teke, hadi ule mguu wake mzima nao ukavimba kisigino. Ikiwaka inakohoa, na ikifika mlimani inachemka na kuishiwa nguvu, baba anashuka na kuisukuma huku anachechemea. Paroko alimwambia kwa upole kwamba isipotengemaa kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, itarudi parokiani apewe katekista mwingine. Baba alirudi nyumbani na habari hiyo. Mama akatuzuia hata kuimba.

Lakini mkosaji alikuwa ameshapatikana. Baba alinunua petroli kwa Nestori, Mrundi aliyeuza petroli na mafuta ya taa kwenye chupa kando ya njia ya Lukole. Jumapili hiyo, baada ya matangazo ya ndoa, baba aliwaonya waumini kwamba Nestori anachanganya mafuta na maji, wasinunue kwake. Watu wakaacha kununua. Baba yangu akisema kitu kanisani, kilikuwa kimesemwa.

Siku ya tatu Nestori akaja kwetu kwa miguu, spana zake za fundi zimefungwa ndani ya soksi. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti. Alimwamkia baba shikamoo, akaomba chupa nyeupe ya kioo, akaijaza petroli kutoka kwenye tangi na kuiweka ukutani juani. Tuliikodolea macho muda mrefu. Maji yangekuwemo yangezama chini, lakini hakukuwa na hata tone. Ndipo akaomba afungue mfuniko wa pembeni. Kwa hofu ya ile sikukuu, baba akakubali.

Ndani mna platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Nestori alivitazama, akauliza nani aliyeviseti. Baba akasema ni yeye, alipokuwa akitoa vumbi. Kwa kipimo gani? Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa medali ya Bikira Maria.

Msicheke sana. Baba alikuwa amemwona yule padre akipenyeza kibati chembamba kinachong'aa katikati ya platini, na mifuko ya padre siku zote ilijaa medali, basi naye akajua ni medali. Hakuuliza. Mambo ya padre hayakuulizwa ovyo.

Sisi watoto tulibana vicheko hadi machozi. Nestori hakucheka. Aliipokea, akaibusu, akamrudishia baba mkononi.

"Mama Maria hana kosa, Mwalimu. Medali ndiyo nene."

Akamweleza kwamba platini zikiachana mno cheche inawahi, pistoni haijamaliza kupanda moto umeshaipiga, ndiyo hilo teke na huko kuchemka. Akaomba nyembe nne, akazipanga pamoja, akasema huo ndio upana unaotakiwa. Kisha akaomba karatasi ya sigara.

Hapo palikuwa pagumu. Baba hakuruhusu sigara hata uani, wala mtoto wake kutumwa sigara. Akavaa koti lake la Jumapili akaenda mwenyewe dukani kwa Bwana Salimu, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara yake. Bwana Salimu alimpa sigara moja kwa adabu zote, halafu akauliza, "Na kiberiti, Mwalimu?" Baba hajafika nyumbani, Keza nzima inajua katekista ameanza kuvuta.

Nestori alitumbukiza kijiti cha mtama kwenye tundu la plagi ili ajue pistoni imefika wapi. Karatasi ya sigara akaibana kati ya platini, akamwambia baba aivute kidogo, naye akawa anazungusha gurudumu la sumaku polepole, buhoro buhoro kama wasemavyo kwao. Akasogeza, akakaza, akarudia. Mwishowe karatasi ikaachia palepale ilipotakiwa. Baba alisema aliihisi kama mtoto mchanga anapoachia kidole akisinzia.

Kiki moja tu. Tuku, tuku, tuku. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Baba akauliza amlipe nini. Nestori alikuwa anafunga spana zake kwenye soksi.

"Sitaki malipo. Nataka useme palepale uliposemea."

Jumapili baba akasimama. Nyuma kulikuwa na minong'ono ya sigara, naye hakujali. Alisema, "Niliwaambia Nestori anachanganya maji. Si kweli. Kosa lilikuwa la mkono wangu." Akaenda kusema hivyohivyo vigango vyote vitano. Nilimwonea aibu siku ile. Leo najivunia.

Tukutuku haikurudi parokiani. Nestori akawa mtu wa kwetu, Jumamosi anakula nasi ndizi na maharage, mama anamtengea kama shemeji yake. Kisha wakimbizi wakaanza kurudishwa kwao. Baba aliposikia alifunga jogoo nyuma ya Tukutuku akaondoka mbio kwenda kumuaga. Alikuta turubai zimeshushwa. Akarudi na jogoo wake, na jogoo yule alizeeka kwetu, hakuna aliyethubutu kumtia kisu.

Siku hizi bodaboda zimejaa Keza. Hazina platini, na mojawapo ikikohoa kijana hafungui kitu, analaumu petroli papo hapo huku anachezea simu. Wanangu wana namba za mamia ya watu ambao hawajawahi kula nao sahani moja. Baba, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akisimamisha kila Mrundi apitaye kumuuliza habari za Nestori, nao walimuuliza swali moja tu, Nestori wa kilima gani? Kwa Warundi kilima ndicho kijiji, na mtu hutajwa kwa kilima chake. Tulikula naye miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.