Koti la Mtu wa Mwisho

Kaka yangu alikuwa fundi pikipiki, na wengi hawakulijua jina lake la ubatizo mpaka liliposomwa siku ya mazishi. Walimwita Mkia. Hakuchukia. Ukimwita kwa jina lake alichelewa kugeuka, lakini ukisema "Mkia!" alichomoa kichwa kutoka chini ya injini papo hapo, bisibisi mdomoni.

Jina alipewa na watu wa chama cha waendesha pikipiki, wale wenye mapikipiki makubwa: madaktari, mawakili, wakandarasi. Jumamosi moja kila mwaka walipanda mlimani kwa msafara kwenda kwenye mkutano wao. Kaka, na kipikipiki chake kilichojaa vipuri, aliwekwa nyuma kabisa. Kazi yake ilikuwa kutompita mtu. Mwenye pancha, mwenye cheni iliyokatika, aliyeishiwa mafuta, wote aliwakuta njiani, akawatengenezea, akawatanguliza. Alivaa koti la mvua la njano lenye maandishi mgongoni, WA MWISHO, ambayo wifi yangu aliyaandika kwa brashi ya viatu na rangi nyeusi iliyobaki walipopaka mlango. Kule juu, koti hilo likipita, mwenye orodha ya waendeshaji alifunga geti, watu wakaingia ukumbini, sala ikasemwa, chakula kikatolewa. Kabla halijafika, hakuna aliyegusa sahani.

Tangu utoto alikuwa hivyo. Tulikwenda shule watatu, na yeye aliyekuwa mkubwa alitembea nyuma. Nilimuuliza kwa nini hatangulii kama kaka za wenzetu. Akasema, "Nikitangulia nitajuaje kama mnanifuata?"

Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati kilichobanana na kibanda cha mshona viatu. Tyubu zilining'inia ukutani kwa ukubwa wake, plagi zilizokufa alizitia kwenye kopo la maziwa na hakuzitupa kamwe. Kusikiliza injini aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho. Wateja walimtania.

"Fundi, inasemaje?"

"Inasema mwenyewe una mkono wa birika. Hujanibadilishia oili tangu uninunue."

Mshona viatu aliyasikia hayo kila wiki na kila wiki alicheka.

Mwaka jana mzee aliyezoea kuwaombea waendesha pikipiki alilazwa. Kaka akanijia nyumbani. "Mdogo wangu, wewe ndiye kiongozi wa maombi kanisani. Njoo utufungulie sala. Na ufupishe, watu wa pikipiki wana njaa kuliko wafungwa." Nilikwenda na gari la vyombo, nimekaa katikati ya mpishi na sufuria.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Haikuwa ya kupita. Ilikaa juu ya mlima kama imepanga chumba, barabara ikawa tope jekundu, na magurudumu ya gari letu yakawa yanatafuta pa kushika. Tulifika saa sita. Waendeshaji wakawa wanaingia mmoja mmoja, wanatetemeka, wanavua glavu na kukamua maji.

Yaliyotokea nyuma nilisimuliwa baadaye na karani wa benki, mtu wa miaka thelathini hivi, aliyekuja mkutanoni mara ya kwanza bila koti la mvua. Cheni yake ilitoka. Kaka alimkuta, akairudisha, kisha akamtazama meno yanavyogongana.

"Vaa hili."

"Fundi, na wewe je?"

"Mimi ngozi yangu ya mamba. Vaa, usije ukanifia hapa nikakosa la kumwambia mama yako. Nenda, niko nyuma yako."

Karani akavaa, akaondoka. Kaka alibaki ameinama, anaokota spana zake kwenye tope.

Getini mwenye orodha alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli. Aliona njano inapita, helmeti imefungwa, maandishi mgongoni. "Mkia huyo! Nafunga!" Akafunga, akakunja karatasi yake, akakimbilia ndani. Karani naye alifika mlangoni pa ukumbi, akalitundika koti kwenye msumari lichuruzike maji, akaenda kutafuta nguo kavu.

Nililiona. Nilisimama hatua tatu kutoka pale. Nilimuuliza mpishi, "Kaka yangu yuko wapi?"

"Si unamjua? Atakuwa nje, anakagua breki za watu kwenye mvua."

Nikacheka, maana ndivyo alivyokuwa.

Mwenyekiti wa chama akaja anasugua mikono. "Dada, tuombee, watu wameshaanza kuangalia sufuria."

"Wote wamefika?"

Akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni. "Koti lile pale."

Nikafumba macho. Niliomba hivi, na sijasahau hata neno: "Baba, tunakushukuru, umetufikisha sote salama, hukumwacha hata mmoja wetu njiani." Walijibu amina kwa sauti iliyoishinda mvua juu ya bati.

Nilimpakulia kaka sahani, nikaifunika kwa nyingine, nikaiweka karibu na jiko isipoe. Watu wakala, wakarudia. Wakatoa kikombe cha aliyetoka mbali zaidi, wakapigana picha. Zilipita kama saa mbili. Mara mbili niligusa sahani, nikaona bado ina moto, nikatulia.

Kisha karani wa benki akaja na sweta la kuazima, amelikunja koti vizuri kama shati la kupigwa pasi. "Samahani dada. Nimeambiwa fundi ni kaka yako. Nimrudishie koti lake, nimemtafuta nje simwoni."

"Kwa nini unalo wewe?"

Aliponieleza, nilipiga kelele geti lifunguliwe. Mwenyekiti aliyekuwa anacheka nyuma yangu akatoka mbio na wenzake.

Walimkuta kwenye kona ya tatu kutoka getini, mtaroni chini ya barabara, pikipiki imemlalia mguu. Alikuwa ameufunga mguu kwa mkanda wake mwenyewe, kwa ufundi, kama anavyofunga kila kitu. Mikono ilikuwa ya baridi. Betri ya pikipiki ilikuwa imekwisha kabisa, na kidole gumba chake kilikuwa bado kwenye kitufe cha honi.

Kona ya tatu. Kama mtu mmoja angekaa getini bila kelele za ukumbi, angesikia. Daktari wa chama, alipomaliza kumpima, alisema bila kunitazama kwamba hakuwa amekufa muda mrefu. Nilijua maana yake. Maana yake ni kwamba nilipokuwa nashukuru, alikuwa anapiga honi.

Mchungaji ameniambia Mungu alikuwa naye mtaroni. Naamini. Lakini siwezi kumficha Mungu lililo moyoni, kwa kuwa analijua: alinisikia nikisema "sote", na alijua si kweli, akaniacha nimalize mpaka amina. Kila usiku namuuliza. Bado sijajibiwa, na bado napiga magoti. Watu wa chama nao walileta shada kubwa na hotuba ndefu juu ya utumishi wa kaka. Miaka kumi na moja alihakikisha wote wamefika, na siku moja alipohitaji mtu wa kugeuza kichwa, walitazama msumari. Nami nilikuwa mmoja wao, tena damu yake.

Wiki iliyopita Mwenyekiti alinipigia simu. Mkutano unakaribia. Walikuwa wameamua karani wa benki ndiye awe wa mwisho, kwa heshima ya marehemu, wakaomba koti. Tena wakaomba nikasali.

"Koti liko kwa wifi yangu," nilimwambia. "Mvua ikinyesha analivaa kwenda bombani. Kamwombe wewe mwenyewe, uso kwa uso."

Akakohoa. "Na sala, dada?"

"Nitakuja. Lakini ukumbini siingii. Nitasimama getini, na wote mtasimama nami. Mtu wa mwisho avue helmeti nimwone uso, ndipo nifumbe macho."

Akauliza, "Na kama mvua itanyesha?"

"Tutaloa," nikasema.