Kukhu Amenipima na Mgomba

Leo Kukhu, nyanya yangu wa Bumula, amenipima urefu na mgomba.

Si nimeahirisha chuo mwaka mmoja nikazunguke Asia na begi mgongoni? Asubuhi nikatoka Kitale kwenda kumuaga.

Nilijua atanigombeza. Wapi! Akanichinjia kuku, tukacheka, halafu akanisimamisha kando ya mgomba nyuma ya jikoni. Akakata alama na panga, hapo tu kichwa changu kinafika.

"Ya nini, Kukhu?"

"Mjomba wako alipotelea huko ng'ambo, tukazika mgomba badala yake. Lakini urefu tulikisia tu. Jeneza likabaki na nafasi."

Alisema polepole, kama mtu anapima nguo ya shule.

Ndege ni kesho, bana. Nyinyi mngepanda?