Rozalia Amony, Aliyewaosha Walioogopwa

Alizaliwa safarini. Mwaka 1968 lori la jeshi lilikuwa limeshatoka Gulu na familia za askari, likielekea Kampala, uchungu ulipomshika mama yake, Alanyo. Akajifungulia juu ya magunia, lori halikusimama. Mama alikuwa Mkatoliki, baba, Sajini Kamis, Mwislamu. Wakapatana mtoto abatizwe, adabu afunzwe na baba. Kamis ndiye aliyeosha maiti wa Kiislamu pale kambini, na Rozalia alikua akimchotea maji. "Maiti haogopwi," alimwambia. "Huyu hawezi tena kukukosea."

Baada ya vita vya 1986 akaingia chuo cha uuguzi huko Nateete, mtaa wa Kampala, kwa ufadhili wa mfuko mmoja wa Denmark uliosomesha wauguzi na kuleta glavu. Miaka ile silimu, yaani UKIMWI, ilikuwa inafyeka watu, na glavu zilikuwa adimu kuliko sukari. Kwa hiyo mkuu wa chuo, Mwalimu Oloya, mtu mwema, akazifungia kabatini zingoje mtihani, wafadhili wakija wakute wanafunzi wamevaa. Wagonjwa nao wakawa wanasukumiwa chakula mlangoni kwa mguu.

Mwaka 1990 Makokha, Mkenya aliyeuza mitumba soko la Owino, alifariki chumbani kwake, jirani na chuo. Hakuna aliyekubali kumwosha. "Watamzika na jasho lake," mkewe Moreen alimwambia Rozalia. "Dada, kwetu hata mwizi huoshwa."

Rozalia akaenda kwa Oloya kuomba ufunguo wa kabati.

"Mwanangu, zile ni za mtihani," Oloya alisema. "Mzungu akikuta kabati tupu nimwambie nini?"

"Mwambie mtihani umeshaanza, Mwalimu."

"Ukivunja kufuli, masomo yamekwisha. Utarudi kambini kukaanga mandazi kwa sababu ya maiti ya mtu usiyemjua?"

Rozalia akaenda kuazima nyundo kwa seremala.

Alimwosha Makokha kwa maji ya moto na dawa ya jiki, polepole, kama alivyomwona baba yake. Majirani walijaa dirishani. Mmoja, Rehemah, akamtania: "Nyabo, bibi wee, wiki ijayo tutakuosha wewe."

"Basi ingia ujifunze, usije ukaniosha vibaya."

Watu wakacheka. Rehemah akaingia, akavaa glavu.

Kesho yake Rozalia alifukuzwa. Hakuondoka Nateete, aliosha wagonjwa na wafu, na wanawake wakamfuata. Mjumbe wa mfuko, Bwana Henrik, alipofika na kukuta kabati tupu, Oloya hakuweza kudanganya, akampeleka mtaani. Henrik aliwakuta wanawake wakimgeuza mgonjwa kitandani, bila woga.

"Nani amewafundisha?"

"Yule mliyemfukuza," Rehemah alijibu.

Mwaka mzima ulipita kabla bodi ya chuo haijamrudisha, ikaamuru kila mwanafunzi aanzie nyumbani kwa wagonjwa. Rozalia alifuzu, akafundisha kazi hiyo hadi kifua kikuu kilipomchukua mwaka 1998. Wapo wanaosema usiku aliofariki birika lake lilikaa na maji ya moto hadi asubuhi bila mkaa. Kanisa halijasema neno, nasi hatuongezi. Mwenye jirani mgonjwa na amwige: achemshe maji, aingie.

Moreen alirudi Bungoma, akafariki 1993. Oloya alistaafu, analima simsim, yaani ufuta, huko Kitgum. Henrik alifia kwao. Mfuko sasa unasomesha wauguzi nchi nyingine. Rehemah, Mwislamu, huja kila Novemba kupalilia kaburi la Rozalia; akiulizwa sababu, husema majani yameota.