Gari la Milango Miwili Nililompelekea Nkwabi

Safari hii ilianza kwa sababu ya kiti cha nyuma. Kwa miaka minne nilikuwa na gari la Kijerumani la milango miwili, la buluu iliyokolea, lililolala chini kama mjusi, na Shinyanga nzima halikuwa na mwenzake. Nililinunua mashine zangu za kukoboa mpunga zilipokuwa hazipumziki. Nikipita sokoni watu waligeuza shingo. Nikiliegesha kanisani vijana walipiga nalo picha, nami nilijifanya sioni.

Kisha mke wangu akajifungua mapacha. Kwetu Usukumani mapacha hawatafutiwi majina: wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Tangu siku ile niliacha kuitwa Luhende, nikawa Baba Kulwa. Kiti cha nyuma cha gari lile kilitosha begi na mwavuli, basi. Siku za kliniki Mama Kulwa alikaa nami mbele akimpakata mtoto mmoja, na mdogo wake alitufuata kwa bajaji akiwa na wa pili. Siku moja, tukiwa nje ya kliniki tunaisubiri bajaji ifike, Mama Kulwa aliniambia bila kupandisha sauti:

"Baba Kulwa, mtoto mmoja anapanda gari, mwenzake anapanda bajaji. Wakikua watatuuliza tuliwachaguaje."

Wiki ileile nikaanza kuwaambia watu kwamba nauza.

Aliyepiga simu wa kwanza alikuwa Nkwabi, ambaye nilisoma naye sekondari. Alipomaliza shule alikwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo, akatoka huko na vumbi tu, akahamia Katoro, na Katoro ikampokea vizuri. Sasa ananunua dhahabu na ana makarasha yake ya kusaga mawe. Alikuwa na Mark X nyeusi, milango minne, silinda sita, gari la bei ya kawaida ambalo vijana wa barabarani wanaliheshimu kwa mbio zake. Tukapatana: nimpelekee langu, anipe lake, na juu yake aniongezee fedha. Hilo la kuongezewa lilinikwaruza. Shuleni Nkwabi alikuwa ananakili hesabu zangu, na kwa baiskeli hakuwahi kunipita hata siku moja.

Alfajiri ya kuondoka nililifuta gari mwenyewe. Mama Kulwa alisimama mlangoni, Doto mgongoni, Kulwa mkononi.

"Usiendeshe kwa hasira," aliniambia.

"Hasira ya nini?"

Alinipungia mkono wa Kulwa, akaingia ndani.

Tinde nilifika jua likiwa bado jekundu. Kuanzia pale hadi Isaka ni malori ya Rwanda na Kongo yanayofuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Gari lile lilikuwa halijui foleni. Unaligusa kidogo, lori linabaki kwenye kioo, unaligusa tena, na la pili nalo limebaki. Mlio wake ulitokea nyuma ya mgongo wangu, mzito, na siku ile niliusikiliza kama mtu anayesikiliza sauti ya ndugu anayesafiri asijue atarudi lini. Mawazoni nilimwona Nkwabi ameketi mahali nilipoketi mimi. Nikakanyaga zaidi.

Kahama trafiki alinisimamisha, na haikuwa kwa kosa. Alilizunguka gari lote kwanza, ndipo akaomba leseni.

"Hili spidi yake inaishia wapi, mzee?"

"Sijawahi kuufikia mwisho wake."

"Na unalipeleka wapi?"

"Katoro. Nakwenda kulibadilisha na Mark X."

Alinirudishia leseni kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema, na hakuwa anatania.

Ushirombo nilikumbuka kwa nini watu wenye akili hawanunui magari ya chini. Kila tuta nililipita kimshazari, tairi moja kwanza, halafu lingine, na bado tumbo lilikwaruza. Wenye bodaboda walisimama kutazama. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alinipita kwa miguu, akanisubiri upande wa pili wa tuta, akaniuliza kama limeharibika. Runzewe nilijaza mafuta, nikashika njia ya Bwanga, na kabla ya saa za chakula nikawa naingia Katoro.

Katoro haina mahali pa kupumzisha jicho. Maduka yamebanana, spika zinashindana, bodaboda zinapita kulia na kushoto, na kila mtu anatembea kama ana mtu anayemsubiri. Nyumba ya Nkwabi iko nyuma ya soko. Nilitazamia kumkuta amevaa mkufu wa dhahabu. Alitoka getini na kandambili, amenenepa kidogo, akanikumbatia, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba Kulwa."

"Mwadila, Nkwabi."

Kijana wa getini alimwita Bosi. Fundi aliyekuwa anapaka rangi ukuta alimwita Bosi. Mkewe, Mariamu, alitukaribisha kwa ugali na sato wa Chato, na maziwa mgando kwenye kibuyu, kama nyumbani kwetu. Nilikula huku nahesabu: vigae vya sakafuni, viyoyozi, kabati la vyombo lililojaa mpaka juu. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu ambacho mimi ninacho na yeye hana. Nikauliza, kwa kujaza kimya tu, "Watoto wako shule?"

Nkwabi aliendelea kumega tonge. Mariamu ndiye aliyeongea.

"Ongeza mchuzi, shemeji. Hujala."

Baada ya chakula tulibadilishana funguo. Nkwabi akataka kulijaribu gari, nami nikakaa kiti cha abiria. Katika miaka minne sikuwahi kukaa upande ule. Nilingoja aliumize, alikanyage vibaya, gia zigonge, nipate cha kusema. Hakuliumiza. Alilipeleka taratibu katikati ya watu, gari likamtii kama mnyama aliyefugwa naye, na ile ngurumo yake, ambayo kwangu ilikuwa ya ugomvi, kwake ikawa kama inanong'ona. Kutulia kule kuliniudhi kuliko kama angeligonga.

Tulifika kwenye makarasha yake, nje kidogo ya mji. Wafanyakazi walitoka weupe kwa vumbi la mawe, wakalizunguka. Mmoja akaweka kiganja kizima juu ya boneti kuhisi joto la injini, ambayo kwa gari lile iko nyuma, nami nikasahau kwamba gari lenyewe si langu tena. Nilishuka nikafuta alama ya kiganja kwa leso yangu. Nkwabi alinitazama, akacheka kidogo.

"Acha, Baba Kulwa. Ni vumbi."

Tuliporudi nyumbani Mariamu alikuwa anatusubiri. Nilimpisha kiti. Alivua viatu kabla ya kuingia, akavishika mkononi, wakaondoka wawili. Nilikaa barazani peke yangu nikisikiliza mlio ule ukienda mbali na kurudi. Waliporudi alikuwa amejiegemeza begani kwa mumewe, anacheka mpaka machozi. Mke wangu hakuwahi kukaa hivyo ndani ya gari lile. Yeye alikuwa akishikilia kishikio cha mlango, mimi nikiwatazama waliokuwa wakitutazama.

Nikasimama. "Nkwabi, nimebadili mawazo. Siuzi."

Alidhani hajasikia vizuri. "Unasema?"

"Nipe ufunguo. Nitarudi nalo leo hii."

Mariamu alituangalia sote wawili, akavaa viatu vyake, akasema anakwenda kuangalia chai. Nkwabi alikuja akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu nami.

"Ni fedha? Tuliyokubaliana haitoshi?"

"Sio fedha."

"Gari langu umeliona lina kasoro?"

"Halina."

"Basi ni nini?"

Niliona aibu kulisema, nikalisema nusu. "Nimekuona unavyoliendesha."

Aliponiita, aliniita jina langu la shule.

"Luhende, nisikilize. Ile Mark X niliinunua kwa kutazama milango minne. Miaka sita nimempakia Mariamu humo, nampeleka kwa madaktari. Mwanza, Dodoma, mpaka Dar. Kafungue mlango wa nyuma ukaone. Nailoni ya kiti bado ipo, tuliiacha ili mtoto asije akachafua kiti. Mwaka huu Mariamu amesema tumechoka, tupumzike. Ni yeye aliyeniambia nitafute gari la watu wawili, tutembee." Sauti yake haikuwa na hasira mpaka hapo. "Wewe umeletewa wawili kwa siku moja. Umekuja kwangu, umekula kwangu, na sasa unataka na gari ubaki nalo. Unataka vyote?"

Mariamu alirudi na sinia la chai. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alimimina vikombe vitatu, akaketi.

"Shemeji, una picha za mapacha?"

Nilimpa simu. Alitazama kwa muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ukaonekana unyayo peke yake.

"Huyu ndiye Doto?"

"Huyo ni Kulwa. Doto ndiye mwenye kofia."

"Wamefanana na mama yao," alisema, ingawa hajawahi kumwona mke wangu. Akampa mumewe simu. Nkwabi aliipokea, na bila kuitazama akanirudishia. Aligeuza uso upande wa ukuta uliokuwa unapakwa rangi. Niliujua ugeukaji ule. Ndivyo nilivyokuwa nimegeuka mimi mchana kutwa, kila mtu alipomwita Bosi. Hapo nikaelewa kwa nini tangu nifike aliniita Baba Kulwa, isipokuwa mara ile moja, na kwa nini kila mara alilitamka polepole.

Nilitoa mfukoni ufunguo wa akiba, ambao sikuwa nimemwambia kwamba ninao, nikauweka mezani kando ya kikombe chake.

"Likiwa baridi asubuhi, liache lipate moto kwanza," nikamwambia. "Usiondoke nalo papo hapo."

"Nimekusikia," akasema.

Asubuhi yake niliaga mapema. Gari langu lilikuwa limefunikwa turubai, nikapita kando yake bila kulifunua. Nikisema wivu ulikuwa umeniisha nitakuwa nadanganya. Ulikuwepo, ila sasa nilikuwa nauonea haya.

Geita nilisimama kwenye duka la Bi Shirin, mama wa Kihindi anayeuza vifaa vya magari, ambaye kwa Kiswahili chake huwezi kumtofautisha na sisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nikupe nini?"

"Viti vya watoto vya kufunga kwenye gari. Viwili."

"Wamepishana miaka mingapi?"

"Ni mapacha."

Aliacha kalamu yake. "Basi umebarikiwa. Lete gari karibu, tuvifunge hapahapa, usije ukavifunga vibaya."

Nilifungua mlango wa nyuma wa Mark X. Nailoni ilikuwepo kweli, imekuwa ya njano kwenye kingo. Fundi wake alitaka kuichana kwa kisu, nikamzuia. Niliivua mwenyewe, polepole, nikaikunja. Bi Shirin aliniuliza kama nataka kuibeba. Niliendelea kuishika, naye akaichukua kutoka mikononi mwangu, akaipeleka nyuma ya duka.

Kutoka Geita kwenda Sengerema barabara ilikuwa wazi. Mpaka pale nilikuwa naliendesha gari lile jeusi kama mtu aliyeazimwa. Nikalikanyaga. Silinda sita ziliamka bila kelele nyingi, na nilipotazama mshale nilishangaa ulikokuwa umefika. Lilipita juu ya matuta kama hayapo. Halikuwa na ule mngurumo wa mgongoni, na watu wa vijijini hawakugeuza shingo. Kwao nilikuwa mtu na gari jeusi anayepita. Kwenye daraja jipya la Busisi, maji ya ziwa yakiwa pande zote mbili, gari kubwa jeupe lilinipita kwa kasi. Mkono ulikwisha kwenda kwenye gia. Nikaurudisha. Nikashika njia ya Misungwi na mchana nikawa Shinyanga.

Mama Kulwa alitoka na watoto kabla sijazima injini. Alifungua mlango wa nyuma, akaviona viti, akanitazama. Tuliwafunga mmoja mmoja. Nikafungua mlango wa mbele ili aketi kando yangu, twende tukazunguke mji sote kwa mara ya kwanza. Nafasi ndogo ilikuwa imebaki katikati ya vile viti viwili. Aliinama, akajipenyeza humo, akaketi.

"Huku mbele kuna nafasi," nikamwambia.

"Nimeiona."

Nikaliendesha hivyo, kiti cha kando yangu kitupu, kama dereva wa kukodi. Kwenye kioo niliwaona watatu. Doto alikuwa amemshika mama yake sikio, na mama anacheka kile kicheko nilichokisikia Katoro, kile nilichoamini Nkwabi amekinunua pamoja na gari langu. Kumbe mke wangu alikuwa nacho siku zote. Na mimi, badala ya kufurahi tu, nikajikuta nawaonea wivu wanangu mwenyewe. Nilikwenda mbali kujifunza jambo dogo hili, kwamba wivu haubaki kwenye gari unapoliuza. Unashuka nawe, unapanda nawe lingine, na kazi yako ni kutouachia usukani.

"Mnacheka nini huko nyuma?" nikauliza.

"Tazama barabara, Baba Kulwa," akasema.

Nikaitazama.