Chetezo cha Bibi wa Chini

Mie Maskati sikuipenda, na sioni haya kusema. Tulifika mwezi wa saba, jua limekasirika, baba watoto akatushusha mimi na wanangu wawili kwenye ghorofa ya juu ya nyumba moja Ghubra, akawasha kiyoyozi, akaenda zake Rusayl kwenye kiwanda kilichomleta. Yeye alikuwa na mitambo yake ya kutengeneza. Mie nilikuwa na nini? Madirisha yamefungwa, mapazia yamefungwa, binti wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu wananyang'anyana rimoti. Huyo mdogo, kijana wangu, alikuwa akigonga mlango kutwa, "Nje, mama, nje." Nikimfungulia, anaweka mguu kibarazani, sakafu inamuunguza, anarudi analia. Kwetu Tanga mtoto hulelewa na mtaa mzima. Pale nililea peke yangu na ukuta.

Mkataba wa baba watoto ulikuwa mfupi, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja kiwanda kingeamua: kimwongeze au kimrudishe kwao. Basi kila nikimaliza kuswali nilikuwa na dua moja tu. Ya Rabbi, turudishe kwetu. Niliiomba kwa sauti, makusudi, baba watoto aisikie.

"Mungu si kiziwi," alikuwa akiniambia.

"Na wewe je?" nilikuwa nikimjibu.

Kisha vuli ikaingia. Kwetu vuli ni mvua, ni matope mlangoni na nguo zisizokauka. Kule vuli ni kufungua dirisha. Jioni moja ya mwezi wa kumi nilihisi kimya cha ajabu, kumbe kiyoyozi kimezimwa na mtu aliyekizima ni mimi mwenyewe, bila hata kufikiri. Nikafungua dirisha la jikoni. Upepo ukaingia, na harufu ya vitunguu vya jirani, na sauti ya watoto wanaopiga mpira kwenye kichochoro. Wanangu walishuka ngazi kama mbuzi waliofunguliwa zizini.

Hawakuchukua dakika tano wakaanza kugombana. Binti anamwita mdogo wake kichwa maji, na yeye anamjibu maneno niliyokuwa sijui kama anayajua. Ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima kutoka uani.

"Nani hao wanotukanana Kiswahili kwenye ua wangu?"

Huyo ndiye Bibi wa chini, mwenye nyumba. Tangu tufike tulikuwa tunapeana salamu za Kiarabu mlangoni, mie na Kiarabu changu cha madrasa, yeye akiitikia na kupita. Kumbe ni mtu wa Unguja, mzaliwa wa mtaa wa Malindi, kaja Maskati akiwa msichana na kazeekea huko. Nikashuka mbio kuomba radhi kwa matusi ya watoto. Nikamkuta kaketi kwenye mkeka, birika la kahwa ubavuni, wanangu wote wawili wameshashika tende.

"Waache watukanane," akasema. "Nna miaka sijasikia tusi tamu namna hiyo."

Tangu siku hiyo ikawa kila alasiri tuko chini. Kahwa, tende, na komamanga zilizokuwa zikishuka milimani msimu ule, kubwa kubwa, zinapasuka zenyewe. Bibi alimfundisha binti yangu kuikata komamanga juu kama kofia, kisha kuigonga mgongo kwa kijiko mpaka punje zidondoke bakulini. Kijana yeye hakuwa na subira hiyo, alizitafuna na maganda. Mie nilizungumza. Miezi mitatu ya maneno ilikuwa imenikaa kifuani, na sasa nimepata masikio yanayojua kicheko kianzie wapi. Nilimsimulia habari za ukoo wangu wote, walio hai na waliokufa.

Ilipokaribia magharibi Bibi alikuwa akimwita dada aliyemsaidia kazi za nyumba, msichana wa Singida, amletee chetezo. Anatia makaa, anaweka vipande vya udi juu, moshi unapanda. Nikajisemea, loo, mwanamke huyu kanithamini. Mie mtoto wa pwani, nani wa kunifundisha udi? Kwetu hufukizwa bibi harusi, hufukizwa nguo za Idi, hufukizwa chumba cha mgeni wa heshima. Basi nikawa nainama, nafukiza kanga, nafukiza baibui, namfukiza na kijana mpaka anapiga chafya. Kisha naketi tena, najiweka sawa, nasogeza kikombe.

Bibi ananitazama, anacheka kidogo, ananimiminia.

Siku moja aliutoa udi mara mbili. Alikuwa kavaa nguo mpya, mwanawe anayekaa Qurum kaja kumchukua kwenda harusini, gari linanguruma getini. Honi ya kwanza, udi. Honi ya pili, udi. Nikamwambia, "Bibi, leo umetupenda kwelikweli." Mwanawe akashuka garini, akanisalimia kwa adabu zote, akasimama mlangoni anachezea funguo. Na mie hapo ndiyo kwanza namsimulia Bibi mkasa wa mjomba wangu aliyeoa wake wawili ndani ya wiki moja, kila mmoja hajui habari za mwenziwe. Sikunyanyuka mpaka nikamfikisha kwa mke wa pili.

Nilipokuwa natafuta viatu vya watoto, yule dada wa Singida akanifuata ngazini.

"Dada, naomba usinikasirikie. Nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Huku udi ukishapita, hakuna tena kukaa. Ndiyo kwaheri yao. Hawawezi kumwambia mgeni ondoka, wanaona vibaya. Wanamletea udi."

Yarabi toba! Nilitamani ngazi zipasuke zinimeze. Wiki tatu nzima nafukuzwa kila jioni, na kila jioni najifukiza na kuomba kahwa! Na anayenifundisha udi ni mtu wa Singida, niliyekuwa nikimcheka kwamba hajui hata kugeuza kitumbua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumbe kuna miji jembe lake ni udi.

Nikajifungia juu. Siku ya kwanza niliwaambia watoto Bibi anaumwa. Siku ya pili niliwaambia mimi ndiye ninayeumwa. Siku ya tatu kijana alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa akaita, "Bibi! Bibi wa chini!" nikamziba mdomo kwa kiganja, naye akaniuma. Baba watoto aliporudi kutoka kazini nikamweleza yote. Badala ya kunihurumia alicheka mpaka akalala chini. Sikumpakulia chakula.

Siku ya nne, alasiri, nikasikia mtu anapanda. Anapanda ngazi moja, anapumzika, anapanda nyingine. Nilijua ni nani, kwa sababu magoti ya Bibi yalikuwa mabovu na hakuwa amepanda ngazi zile tangu aijenge nyumba. Nilipofungua mlango alikuwa kashika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kabeba chetezo, hakina moto.

"Mmehama?"

"Bibi, nimeona haya. Nilikuwa sijui. Udi..."

Akacheka mpaka chetezo kikatikisika.

"Mwanangu, wanangu mie huja Ijumaa tu. Wanakula na simu mkononi. Makaa hayajashika, wameshaondoka. Nnabaki na udi wangu, nnajifukiza peke yangu. Wewe nnakufukuza hutoki!" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi usitoke."

Nililia, na yeye akalia, na watoto wakachukua nafasi hiyo wakashuka kwenye tende.

Baada ya hapo tukawekeana utaratibu. Udi ni magharibi, na ukipita tunaondoka kweli, maana Bibi naye ana sala zake na dawa zake. Binti yangu akawa mkuu wa chetezo. Yeye ndiye aliyeweka vipande juu ya makaa, na yeye ndiye aliyetutangazia, "Haya, wageni, muda umekwisha." Nikichelewa kunyanyuka alinisogezea moshi usoni. Bibi alikuwa akimsifu, anasema huyu ana ulimi wa Kitanga na mkono wa Kimanga.

Vuli ile nikiikumbuka naikumbuka kwa pua. Nguo zetu zote zilinukia, mpaka shuka, mpaka sanduku la chakula la baba watoto. Ijumaa, wanawe Bibi wakija, sisi tulikwenda pwani ya Qurum. Watoto walikimbia ukingoni mwa maji, mie nimekaa na chupa ya chai, nikiwaza Bibi kala nini na kama wamemchekesha. Mpaka leo namwona kijana wangu kalala pajani kwa Bibi, kinywa wazi, na yeye hasogei mguu ingawa unamuuma. Naona binti kakosea akamwita "bibi mzaa mama", na Bibi akaitika. Tulikuwa na furaha, na mie mjinga nilidhani nasubiri maisha yaanze.

Dua yangu sijui niliiacha lini. Sikuamua kuiacha. Nilisahau tu kuiomba, kama mtu anavyosahau dawa akipona.

Lakini ilikuwa imeshasikika. Baba watoto akarudi jioni moja na bahasha, anatabasamu, anadhani ananiletea zawadi. Kiwanda hakikumwongeza. "Haya mama," akasema, "Mungu si kiziwi. Tunarudi kwetu." Nikaingia jikoni, nikafungua bomba la maji ili watoto wasinisikie, nikalia. Nilijikasirikia mie, nikaukasirikia na mdomo wangu. Nani alinituma kuomba kwa sauti namna ile?

Siku ya kuondoka, baba watoto aliteremsha masanduku tangu adhuhuri. Alasiri tukashuka kwa Bibi kama kawaida. Alikuwa katandika mkeka ule ule. Kahwa, tende, na komamanga moja ya mwisho wa msimu, ganda limekunjamana lakini ndani bado nyekundu. Hatukuzungumza habari ya safari. Chetezo kilikuwa ubavuni mwake, kimesafishwa, kimekauka.

Honi ya kwanza ikapigwa. Bibi hakugeuka. Akanimiminia kahwa.

Honi ya pili. Binti yangu, mkuu wa chetezo, akaanza kuhangaika.

"Bibi, udi bado."

"Makaa yamekwisha, mwanangu."

Mfuko wa makaa ulikuwa pale mlangoni mwa jiko, umejaa, haujakatwa hata kamba. Wote tuliuona. Kijana akaunyooshea kidole. "Yale pale, Bibi." Bibi akamvuta akamweka pajani.

Baba watoto akashuka garini. Akasimama mlangoni, anatutazama, anachezea funguo. Nilijua ndege haimsubiri mtu, na nilijua ni mimi ninayepaswa kunyanyuka kwanza, kwa sababu Bibi hatanifukuza tena. Sikunyanyuka. Nikasikia sauti yangu inaanza kumsimulia mkasa wa mjomba, ule wa wake wawili, aliokwisha kuusikia siku ile ya harusi.

"Ehe," akasema Bibi, akinisogezea kikombe. "Akamwoa na wa pili. Halafu?"