Waini Kwenye Mtungi wa Mama

Nianze na wifi yangu, maana bila yeye ingekuwa safari tu ya kanisa na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Ni mke wa kaka yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kanisa letu hapa Kasikeu. Ni mtu ambaye akinunua viatu vipya lazima aombe nafasi ya kutoa ushuhuda ili apate kupita mbele. Simpendi. Nimejaribu kumpenda kwa maombi, nikajaribu hata kwa kufunga, imenishinda.

Akina mama walipoamua kwenda Mombasa, na kwamba siku ya pili tungepanda meli ya watalii inayozungusha watu baharini wakila chakula cha mchana, yeye ndiye aliyesoma masharti. Vinywaji vya kutoka nje haviruhusiwi. Mtu mwenye akili angesoma hapo aseme sawa, nitakunywa maji. Yeye alisoma kama mtu aliyetukanwa. Ati hawa watu wanataka kutuuzia waini kwa bei ya mbuzi! Na huyu ni mtu ambaye mbele ya mchungaji hajawahi kuonja hata uji uliochacha. Lakini kwenye simu alikuwa na kikundi chake cha pembeni, wanawake watano, wote tumeokoka, wote tuna kiu. Nasema tuna, kwa sababu wa tano nilikuwa mimi.

Kwa wiki mbili alitutumia video za wazungu wanaoficha pombe wakipanda meli. Kulikuwa na aliyemimina waini kwenye chupa ya shampuu. Mwingine alikuwa na darubini ambayo si darubini. Unafungua kifuniko unakunywa kupitia jicho la kushoto. Mwanamke mmoja alijaza mfuko wa plastiki, akaufunga tumboni, akapita kwa walinzi kama mjamzito wa miezi saba. Watu wazima, wana pesa za kuzunguka dunia, na wanajifunga mimba ya waini. Chini ya video hiyo wifi yangu aliandika, "Wenzetu wameendelea."

Asubuhi ya kupanda meli tulijifungia watano chumbani kwake, kwenye gesti, akaanza majaribio. Chupa ya shampuu ikatoa povu. Akajaribu ile chupa ya mpira ya kutia maji moto, ambayo alikuwa ameinunua mjini Wote kwa kazi hiyo tu, akaonja, akasema ni kama kulamba tairi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nikikumbuka hicho kicheko naona haya. Ndipo akakumbuka mtungi wa mama.

Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alizaliwa Ikutha, na huko bado ana dada yake mkubwa ambaye miguu imekataa. Huyo dada alikuwa ameagiza maji ya bahari. Alitaka kuyaonja kwa ulimi wake kabla hajafa, ajue kama kweli yana chumvi au ni porojo za watu wanaotoka Mombasa. Kwa hiyo mama alikuja na mtungi wa njano wa lita tano, umesuguliwa kwa mchanga na maji moto mpaka hauna harufu hata kidogo.

Wifi alimwambia kwamba anatia humo juisi ya zabibu ya akina mama wote, maji ya bahari yatachotwa tukirudi, na kwa vile mtungi ni wake, basi aubebe yeye. Mama alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alifurahi, kwamba wenye masomo yao wamempa kazi. Hesabu ya wifi ilikuwa nyepesi: nani atampekua bibi kizee mwenye leso na Biblia? Wakati wifi anakaza kifuniko ili ampelekee mama, mimi nilikuwa nimekaa kitandani, ninamalizia iliyobaki kwa kikombe cha plastiki. Nilijua kila kitu, na sikufungua mdomo.

Askari wa geti alikuwa mwanamke mnene mwenye glavu, sura yake imechoshwa na werevu wa watu wa bara. Alipekua begi la wifi mpaka chini kabisa, akakuta mafuta ya ngozi na Biblia. Alipofika kwa mama alimwamkia shikamoo, kisha akafungua mtungi na kunusa. Akauliza ni wa nani.

"Ni wangu," mama akasema, tena kwa fahari.

Askari akamweleza polepole, bila kumdharau, kwamba hii ni waini na haiingii melini. Mchungaji alikuwa hatua mbili nyuma yake, na nyuma ya mchungaji foleni nzima ya akina mama wenye fulana za rangi moja, zimeandikwa zaburi mgongoni. Mama akainama, akanusa mwenyewe. Harufu ya pombe anaijua, ndiyo iliyomuua baba. Akainua kichwa akamtazama wifi, kisha akanitazama mimi. Wifi alikuwa anatafuta kitu cha maana sana ndani ya kibeti chake. Wale wengine watatu walijitia hamnazo, wanaangalia bahari. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mchungaji ni mtu mpole. Aliuliza kama pengine mitungi imebadilishwa kwa bahati mbaya, kama pengine huu ni wa mtu mwingine. Alikuwa anamtafutia njia ya kutokea.

"Ni wangu," mama akasema tena.

Mara ya kwanza hakujua anachokisema. Mara ya pili alijua. Kaka yangu, ambaye alikuwa amebaki nyumbani na watoto wake watatu, aliapa tangu tulipomzika baba kwamba pombe isiguse nyumba yake, na atakayeileta atatoka nayo, hata akiwa mke. Si mtu wa vitisho. Alishamrudisha kwao mke wa kwanza kwa kosa dogo kuliko hilo, na foleni yote ilikuwa inajua.

Mama akamwaga ile waini kwenye mtaro kwa mikono yake, hataki kusaidiwa. Tukapanda meli. Alikaa peke yake upande wa nyuma, na wifi akala samaki, akapiga picha, akaziweka kwenye simu na maneno kwamba Mungu ni mwema wakati wote. Macho makavu!

Tuliporudi wazee wa kanisa walikaa kikao. Mama hakujitetea. Wakamtenga miezi mitatu: asishiriki Meza ya Bwana, na akae benchi la mwisho karibu na mlango, pale wanapokaa wenye watoto wanaolia. Mama aliokoka kabla baadhi ya wazee hao hawajazaliwa. Muhtasari wa kikao uliandikwa na katibu wa kanisa, yaani wifi yangu. Niliuona. Mwandiko wake ni mzuri sana, na alimwita mama dada yetu mpendwa.

Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana ya kwanza tangu mama atengwe, nilienda kwake. Nilimkuta uani anapepeta ndengu. Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya kanisa niseme yote, na sehemu yangu nitaisema pia. Nilikuwa nimelia njia nzima. Nadhani nilitarajia anishukuru. Hakuacha kupepeta.

"Ungesimama pale getini," akasema. "Pale kosa lingekuwa lenu nyote, mngeligawana. Kesho utasimama, utapigiwa makofi kwa kutubu, na yule atarudishwa kwao, na wale watoto watabaki bila mama. Nyamaza vile ulivyonyamaza."

Kesho yake nilikaa karibu na wifi, kwa sababu ndipo ninapokaa siku zote na watu wangeuliza. Kaka alikuwa upande wa wanaume, mtoto mdogo amemlalia begani. Trei ya vikombe ikaanza kupita. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule mwanamke dakika ile, amefumba macho, midomo inaenda. Trei ikanifikia. Nikachukua kikombe changu, nikanywa, nikampa yeye trei. Akaipokea kwa mikono miwili na kuninong'oneza asante.