Ukuta Aliouziba Mpishi

Mafundi wenzake walimwita Kioo, wakidai ukuta aliopiga lipu yeye mtu angeweza kusimama mbele yake akanyoa ndevu. Walitia chumvi, lakini si sana. Hata akialikwa chakula kwa watu, macho yake yalikagua kuta kabla hayajafika mezani. Mtu wa namna hiyo alipopewa kazi ya kukarabati ile nyumba kubwa ya zamani, kila mmoja alijua itapendeza. Ikapendeza kweli: ngazi za mbao zikasuguliwa, madirisha yakarudishiwa vioo, wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Ukuta mmoja tu, ndani ya stoo ya jikoni, aliuacha na mabonde yake na shimo lake.

Mama yake ndiye aliyekuwa mpishi humo wakati wa vita. Wanajeshi walipoigeuza nyumba kuwa makao yao, aliendelea kuwapikia, huku akiwa amewaficha jirani aliyekuwa akisakwa, mkewe na watoto wao mwishoni mwa stoo, nyuma ya ukuta aliouinua mwenyewe. Mwanamke huyu hakuwahi kushika kazi ya ujenzi! Alipanga matofali ya banda la kuku, akapaka lipu kwa viganja, akaacha upenyo chini wa kupitishia chakula, akausogezea gunia la viazi. Adui akala chakula chake hatua chache kutoka hapo. Huo ni moyo, si mchezo.

Asubuhi moja wafanyakazi wote walipakiwa kwenye lori, wakapelekwa mbali. Vita vilipokwisha mama alirudi, akaambiwa jirani hajaonekana na ukuta wa stoo umetobolewa. Basi akaamua moyoni kwamba ile lipu yake mbaya ndiyo iliyowaponza wale watu. Tangu hapo hakukanyaga mtaa ule.

Kioo alimsihi aje kabla nyumba haijafunguliwa kwa wageni. Mama akasingizia miguu, miguu ileile iliyompeleka sokoni kila siku. Mwishowe mwanawe akamwambia kuna kazi inayomsubiri yeye aikague, na hapo bibi huyo hakuweza kukataa, maana kukosoa alikupenda.

Alipita vyumbani akisema rangi hii imepauka, mlango ule unalia. Walipofika stoo akamshika mwanawe mkono wa shati.

"Mbona hukuusawazisha?" akauliza taratibu. "Unataka watu waje kuiona aibu yangu?"

"Litazame shimo, mama."

"Nimeliona."

"Ukuta ukipigwa, lipu hubanduka upande wa pili. Tazama huku tuliko, imebanduka eneo pana. Ukichungulia kule ndani, kingo zimemeguka kidogo tu. Wanajeshi wangepiga wakiwa huku. Huu umepigwa kutokea ndani."

Neno hili Kioo alikuwa amekaa nalo tangu siku alipoondoa takataka za stoo.

"Hawakuuona, mama. Lipu yako iliwaficha mpaka mwisho. Wale watu walijitoa wenyewe."

Mama akapeleka vidole kwenye kingo za shimo, akazipapasa upande wa huku, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kupapasa upande wa ndani. Alipoutoa ulikuwa umejaa vumbi, akajifutia machozi kwa mkono huohuo, uso wote ukachafuka. Kioo alisimama kando akimwonea fahari mama yake. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa kuta, na hakuna hata mmoja uliofanya kazi kama huu.

"Lipu mbaya kweli," mama akasema hatimaye, akijaribu kucheka. "Usije ukaigusa."

Wakati wa kuondoka, Kioo alimfungulia mlango wa nyuma, ule aliomwingizia, ili wapite uchochoroni. Mama akamwacha ameshika kitasa. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaufuata mtaa ule taratibu hadi mwisho, akiwasalimu watu asiowajua.